Kugawanya kwa Kumi na Nane

Voi, shuleni
Jumapili, 4 Mei 2025

Mjomba wangu Sufian,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba Nasima na wateja wenu wote wa Kishushe. Mimi sijambo. Bwenini tumepewa magodoro mapya, ila chakula ni kile kile. Mama alikuja jana kuniletea sabuni na viazi karai. Anasema Idris ameng'oka jino la mbele na sasa anakataa kucheka mbele ya watu. Wote wanakusalimu.

Nashukuru sana kwa wiki ile ya likizo niliyokaa kwenu. Bado nacheka nikikumbuka mkaza mjomba alivyolificha jagi la maji, akisema wewe peke yako unamaliza mtungi. Na tafadhali nunua mkanda mpya. Huo ulionao umeutoboa kwa msumari mpaka umekuwa kama chujio.

Sasa nije kwenye swali uliloniuliza siku ninaondoka, Kituku akiwa tayari anapiga honi ya pikapu yake ya mizigo. Ulisema, "Nasiha, hii simu mpya inakula data kuliko mbuzi anavyokula mahindi ya watu. Nimenunua gigabaiti moja Ijumaa, Jumapili haipo. Nani kaiba?" Sikupata nafasi ya kujibu, na hapa shuleni haturuhusiwi simu, kwa hivyo nakujibu kwa kalamu.

Hakuna aliyeiba. Chukulia gigabaiti ni gunia, megabaiti ni gorogoro lako la kupimia mahindi, na kilobaiti ni konzi ya mkono. Tofauti ni kwamba gunia hili lina gorogoro elfu moja, na kila gorogoro lina konzi elfu moja. (Mwalimu wa kompyuta husema ni elfu moja na ishirini na nne, lakini kwa matumizi ya dukani elfu inatosha.)

Wewe unampigia Kimanzi video za mbuzi ili achague wa kununua. Nilitazama kwenye simu yako kabla sijaondoka. Video moja ya dakika moja, kwa ubora wa juu ulivyoiweka, ni megabaiti mia moja hivi. Ukituma kumi, gunia limekwisha. Picha moja ni megabaiti nne, kwa hivyo gunia lile lile lingetosha picha mia mbili na hamsini. Ukienda kwenye mipangilio ukachagua ubora wa kawaida, picha itashuka hadi kilobaiti mia mbili, ambayo ni moja ya tano ya gorogoro. Hapo unapata picha elfu tano. Mbuzi wa Kishushe hawafiki elfu tano.

Kimanzi hahitaji kumwona mbuzi akitembea dakika nzima. Mpige picha mbili, ubavu na meno.

Nitafurahi ukinijibu. Barua mpe Kituku, aiache kwa askari wa lango.

Mpwa wako,
Nasiha


Kishushe
Jumatano, 14 Mei 2025

Mwanangu Nasiha,

Waalaikumu salaam. Barua yako imefika ikiwa imekunjwa mara nne na inanuka vitunguu, lakini imesomeka. Sisi tu wazima. Mkaza mjomba wako ameongeza kuku sita. Tembo walipita juzi wakabomoa tangi la jirani, hakuna aliyeumia. Mvua imenyesha mara mbili halafu ikatuaga. Jagi la maji sasa ni langu rasmi, nimelitia alama ya rangi.

Nimefanya ulivyosema, ubavu na meno. Bando la Ijumaa bado lipo na leo ni Jumatano. Kimanzi amenipigia kutoka Voi akasema, "Mzee Sufian, siku hizi picha zako zinaingia kabla sijashika simu. Umeajiri kijana?" Nikamwambia, "Nina profesa, anakaa bweni." Akasema mwambie profesa apige mbuzi wanono, si wale wa mifupa.

Nasima naye hanipi nafasi. Ananikuta nyuma ya duka nimeinua simu juu kutafuta mtandao, anasema, "Wewe na hiyo simu muoane tu, mimi nirudi kwetu." Nikamwambia mahari yake nimeshaitoa, haina marejesho.

Nina maswali mengine mawili. La kwanza: dawa ya minyoo ya mbuzi. Chupa imeandikwa lita moja, bomba la sindano limeandikwa ml, na daktari wa mifugo kaniandikia cc kumi kila mbuzi. Hawa watu watatu wanazungumza lugha moja au kila mmoja na yake? La pili: betri ya akiba niliyonunua inasema mAh elfu kumi, na simu inasema elfu tano. Mbona haijazi simu mara mbili? Inajaza mara moja na nusu, kisha inazima.

Simu hii ina mambo. Nimeona hata kuna programu za kupima afya, ati mtu anaandika usingizi wake na shinikizo la damu. Hayo ni ya watu wa mjini wasio na kazi.

Mama yako nimemtumia nyanya kwa Kituku. Mwambie asizigawe zote kwa majirani.

Mjomba wako,
Sufian Mwinyihaji


Voi, shuleni
Jumapili, 18 Mei 2025

Mjomba wangu,

Assalamu alaikum. Tumefurahi kusikia tembo hawakudhuru mtu. Mama amepokea nyanya na amezigawa zote kwa majirani. Idris ameanza kucheka tena, lakini kwa mkono mdomoni. Mimi nimekuwa wa tatu katika mtihani wa Kemia. Mwalimu wetu, Madam Tryphena, amesema nikiendelea hivi naweza kufikiria ufamasia. Sijamwambia mama bado. Nataka kwanza niwe na hakika.

Maswali yako ni mazuri. Cc na mililita ni kitu kimoja chenye majina mawili, usihangaike nayo. Lita moja ni mililita elfu. Mbuzi mmoja anachukua kumi, kwa hivyo chupa inatosha mbuzi mia moja. Fungua kikokotoo cha simu uhakikishe.

Kuhusu betri, hesabu yako ni sahihi kwenye karatasi, mara mbili kamili. Lakini umeme unapohama kutoka betri hadi simu sehemu yake hupotea kwa joto, ndiyo maana vyote viwili huwa vya moto. Chukua robo tatu ya kilichoandikwa. Ukizima mwanga wa kioo na utafutaji wa mtandao wakati wa kuchaji, utaona nafuu.

Nakuandikia kanuni fupi ya kukusaidia bila kungoja barua yangu. Vipimo vyetu vingi vinapanda na kushuka kwa kumi, mia au elfu. Herufi ndogo m mbele ya kipimo ina maana ya sehemu ya elfu. Kwa hivyo ukiona namba imekuwa kubwa mno kuliko ile unayotakiwa kuandika, usiogope. Hamisha nukta kwenda kushoto mpaka ikae mahali pake. Ni kama wewe unavyobadilisha senti kuwa shilingi bila kufikiri.

Mkanda umenunua?

Mpwa wako,
Nasiha


Kishushe
Jumatatu, 9 Juni 2025

Mwanangu Nasiha,

Waalaikumu salaam na Idi njema, ingawa imepita. Tulichinja beberu yule mweusi uliyekuwa ukimwogopa. Nasima alipika pilau akaalika nusu ya Kishushe, na Kituku alikula sahani tatu akasema ya nne ni ya njiani. Nimechelewa kukujibu. Duka lilikuwa na watu, tena ukiona mistari yangu imepinda usinicheke, ni taa hii inatia ukungu. Hongera kwa Kemia. Sitamwambia mama yako.

Sasa nikuulize neno, na si langu. Nina rafiki hapa, mtu mzima, mwenye duka kama mimi. Mwezi wa tatu alikwenda kliniki kwa jambo jingine, wakampima wakamwambia ana sukari, iko juu. Wakampa vidonge na kadi. Kadi inasema kabla ya kula awe kati ya nne na saba. Jamaa yake aliyerudi kutoka Jeddah akamletea kipimo cha kutoboa kidole. Akaweka na programu kwenye simu ya kutunza zile namba.

Basi Jumatano asubuhi kapima, kipimo kimesema 214. Akaandika 214 kwenye simu, simu ikakataa, ati namba hiyo haiwezekani. Akachanganyikiwa, akaja kwangu kwa kuwa anajua nina profesa. Nikatazama vizuri. Kipimo kimeandikwa mg/dL. Simu imeandikwa mmol/L. Nikasema hawa wote wameanza na m, ni ndugu hawa. Nikatumia kanuni yako. Nukta kushoto, mara mbili, kama senti na shilingi, ikawa 2.14. Simu ikakubali hapo hapo!

Lakini ikawa nyekundu. Ikasema sukari iko chini mno, kunywa kitu kitamu, pima tena. Tulishangaa. Kumbe vile vidonge vimeishusha kupita kiasi. Basi kaviacha, na sasa anakunywa chai ya vijiko vitano na mahamri, asubuhi na alasiri. Na alhamdulillahi inapanda. Kutoka 2.14 ikawa 2.39, na leo ni 2.61. Polepole inaelekea nne. Uchovu bado anao, lakini simu yenyewe imeeleza kwamba mwenye sukari ya chini huchoka. Nimemwahidi akifika nne tutamchinjia jogoo.

Niambie tu kama nukta niliihamisha vizuri, maana rafiki yangu ananitegemea. Na usimwambie mama yako. Mambo ya watu hayatembezwi.

Mjomba wako,
Sufian


Voi, shuleni
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mjomba wangu,

Assalamu alaikum. Mama na Idris ni wazima. Naomba usome barua hii papo hapo, hata kama kuna mteja mbele yako.

Rafiki yako asinywe tena chai ya sukari. Sukari yake haiko chini. Iko juu sana, na kila siku mnayoona inakaribia nne, inazidi kupanda.

Nitakueleza kwa nini, maana najua hutakubali bila hesabu. Barua yako nimepewa saa nne. Niliisoma mara mbili nikaenda nayo kwa Madam Tryphena nikiwa bado na kikombe cha uji mkononi. Nilijua tu kwamba gramu na moli si ndugu. Ndiyo mada tunayosoma muhula huu. Gramu inapima uzito. Moli inahesabu chembe. Huwezi kutoka moja kwenda nyingine kwa kuhamisha nukta, kama usivyoweza kujua idadi ya mbuzi kwa kuhamisha nukta kwenye uzito wa kundi. Lazima kwanza ujue mbuzi mmoja ana uzito gani.

Moli moja ya glukosi, ambayo ndiyo sukari ya damuni, ni gramu mia na themanini. Kwa hivyo milimoli moja ni miligramu mia na themanini. Kipimo cha Jeddah kinahesabu miligramu ndani ya desilita, na desilita kumi ndiyo lita. Namba 214 kwa desilita ni 2140 kwa lita. Gawanya kwa 180. Njia ya mkato ni kuchukua namba ya kipimo ukaigawanya kwa kumi na nane.

214 si 2.14. Ni 11.9.
261 si 2.61. Ni 14.5.
Na ile nne mnayoingoja ni 400, ambayo ni 22.2. Madam alipofika hapo aliweka kalamu chini.

Aliniuliza, "Huyu rafiki ya mjomba wako ana umri gani?" Nikamwambia hamsini na sita. Hakuniuliza nimejuaje.

Amekupigia simu mara nne kwa simu yake. Haipatikani. Amekutumia ujumbe nikiwa hapo, nami nikamtajia maneno. Sijui utaupata lini, ndiyo sababu naandika pia. Kituku yuko langoni ananingoja, amesema atapakia mizigo ya duka kesho na Jumamosi aje kwenu.

Mwulize rafiki yako haya. Anakunywa maji kupita kawaida? Mkanda wake unazidi kulegea? Anaona ukungu akisoma? Kama ni ndiyo, apande pikapu ya Kituku aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje siku ya kliniki. Achukue kile kipimo na kadi yake. Kuhusu vidonge, huko ndiko watakakomwambia. Mimi ni mwanafunzi tu.

Mjomba, kanuni niliyokupa ilikuwa nusu. Nilipaswa kuandika kwamba inafaa kwa kipimo cha aina moja peke yake: gramu kwa gramu, lita kwa lita. Niliiandika kwa haraka kwa sababu niliiona rahisi. Nisamehe, na rafiki yako anisamehe.

Mpwa wako,
Nasiha


Voi, shuleni
Jumapili, 22 Juni 2025

Mjomba wangu,

Assalamu alaikum. Natumai mko salama. Huku ni vumbi na upepo. Kesho tunamaliza mtihani wa katikati ya muhula.

Sijapata barua, wala Kituku sijamwona langoni. Askari anasema alipita wiki iliyopita akiwa na haraka. Jana mama alikuja, hakukaa. Aliniletea matunda akasema nyumbani ana mgeni. Nilimwuliza mgeni gani, akasema soma mtihani wako.

Sijamweleza kuhusu rafiki yako. Umeniambia nisiseme na sikusema, lakini sijui kama nilifanya vizuri.

Hata mstari mmoja utanitosha.

Nasiha


Voi, kwa dada yangu Saadiya
Jumanne, 24 Juni 2025

Mwanangu Nasiha,

Waalaikumu salaam. Ukiangalia juu ya barua utaona niko wapi. Usikasirike na mama yako, mimi ndiye niliyemkataza kukwambia, kwa sababu ya mtihani. Ameniletea barua yako iliyokuwa inakwenda Kishushe, Kituku alimpa. Idris amenionyesha pengo lake. Kidole kinaingia.

Nitakueleza kama ilivyokuwa.

Ujumbe wa mwalimu wako uliingia Ijumaa, nilipopanda kilimani kumtumia Kimanzi picha. Nikausoma: "Mjomba, rafiki yako asile sukari. Gawanya kwa 18, usihamishe nukta. Aende hospitali. Nasiha." Nikacheka peke yangu. Nikasema huyu mtoto kumi na nane kaitoa wapi? Lakini nilikuwa na simu mkononi, basi nikafungua kikokotoo. Kipimo cha rafiki yangu asubuhi ile kilikuwa kimesema 312. Mimi nilikuwa nimeshaandika 3.12 na kumwambia Nasima amtazame jogoo. Nikagawanya. Ikatoka 17.3. Nikagawanya tena nikidhani nimebonyeza vibaya.

Niliteremka kwa kukaa na kuinuka. Nasima alinikuta mlangoni akasema, "Leo hata simu imekushinda kubeba?" Kisha akanitazama usoni, hakutania tena.

Kituku alifika Jumamosi na barua yako. Alisoma yeye, kwa sauti, dukani, maana mimi maandishi yalikuwa yanaogelea. Alipofika kwenye mkanda, Nasima akainua kanzu yangu mbele ya wateja akahesabu matundu. Kituku hakushusha hata mzigo. Alifungua mlango wa mbele akasema, "Panda, Mzee. Huyo rafiki yako tutamkuta njiani."

Hospitali wakapima kwa kipimo chao. Nesi, msichana mdogo kama wewe, akaniuliza, "Mzee, umemleta mgonjwa?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza yuko wapi. Nikaweka kipimo cha Jeddah mezani. Akafungua kalamu akauliza, "Jina la mgonjwa?"

Nikasema, Sufian Mwinyihaji.

Nililazwa. Wameniwekea maji na dawa, na sasa nimetoka, niko hapa kwa mama yako nikipikiwa maharagwe yasiyo na chumvi wala raha. Macho yanaanza kurudi. Daktari amesema ningechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mengine.

Utauliza kwa nini nilificha. Babu yako Mwinyihaji alikatwa mguu kwa maradhi haya, wewe hujazaliwa. Mama yako ndiye aliyekuwa akimwosha. Sikutaka aanze kunitazama miguu kila nikiingia mlangoni. Sasa ameanza.

Nusu muhula utakuja nyumbani lakini hutanikuta. Kesho Kituku ananirudisha, duka limefungwa muda mrefu. Si kwamba nakukimbia. Au pengine ni hivyo kidogo.

Kuhusu kanuni, usiniombe msamaha. Ulinipa kijiko, mimi nikachotea kisima.

Mjomba wako,
Sufian


Voi, nyumbani
Jumapili, 29 Juni 2025

Mjomba wangu,

Assalamu alaikum. Nilifika Alhamisi nikakuta godoro lako bado liko sebuleni. Mama hajataka kulitoa. Amenieleza yote, na nimemweleza yangu. Alikasirika kwa muda mfupi kwamba sikusema, kisha akaniuliza moli ni nini. Nilipomaliza akasema nimweleze tena. Nimemwambia pia kuhusu ufamasia. Alisema, "Basi soma," akaendelea kukuna nazi, lakini nazi ile ilikuwa imeshakwisha.

Daktari amempa mama karatasi yenye chakula chako, naye ameinakili kwa mkaza mjomba Nasima na atampa Kituku. Usiifiche.

Nimetafuta kwenye simu ya mama. Ile programu yako ina sehemu ya mipangilio. Ingia humo, tafuta palipoandikwa vipimo, utaona mmol/L. Ibonyeze na itakupa mg/dL. Ukichagua hiyo, simu na kipimo vitazungumza lugha moja, na 214 itaingia kama 214. Ilikuwa hapo siku zote. Hukuhitaji hesabu yoyote, wala mimi sikujua kwamba jambo la kwanza la kuangalia ni hilo. Sasa najua, na mtu mwingine akiniuliza nitaanza na hilo.

Kadi ya kliniki bado inatumia namba ndogo, nne mpaka saba. Usiibadilishe wewe. Nina ombi moja. Kila Kituku akija, niandikie namba ya asubuhi, kama kipimo kinavyoisema, iwe nzuri au mbaya. Usiipunguze kwa ajili yangu au ya mama. Mimi nitagawanya.

Mpwa wako,
Nasiha


Kishushe
Jumanne, 8 Julai 2025

Mwanangu Nasiha,

Waalaikumu salaam. Huku kuzuri. Kuku wamekuwa kumi na moja, na jogoo amesalimika, anatembea dukani kama mwenye hisa. Nasima amebandika karatasi ya daktari juu ya mlango wa jikoni, mahali ambapo hata mteja anaisoma. Juzi mtu amekuja kununua sukari robo, akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akaomba chumvi. Sasa wanakuja wenye maradhi yangu kuniuliza mambo ya vipimo, nami nawaonyesha ile sehemu ya mipangilio kwanza. Wawili walikuwa wakiandika kama nilivyoandika mimi.

Mkanda nimenunua. Natumia tundu la pili.

Leo asubuhi kabla ya chai, 131. Ni yangu. Gawanya.

Mjomba wako,
Sufian